Kilomita Kumi kwa Siku

Tarehe 3 Machi

Shemeji,

YAH: GARI JIPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukuarifu kwamba juzi nimepokea gari jipya. Nikisema jipya nina maana jipya: viti bado vimevikwa nailoni, na kabla yangu hakuna aliyelikalia isipokuwa mtu aliyelishusha melini. Nakumbuka siku nilipokuja kuposa, ulinigeuza viganja mbele ya watu wazima ukasema mikono laini namna hii haitamiliki hata baiskeli. Miaka kumi na tisa imepita. Barua hii naomba uiweke mahali pa kuonekana.

Tatizo ni moja. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha ya huko lilikotengenezwa, herufi zenyewe utadhani mtu kamwaga njiti za kiberiti. Nimekizungusha mahakama nzima, hadi kwa hakimu, na wote wametikisa kichwa. Nasikia injini mpya haiendeshwi hovyo, ina taratibu zake za siku za mwanzo mpaka izoee. Mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya ni dada yako, anashikilia kwamba hakuna anayezijua taratibu hizo kuliko wewe. Mimi nina mashaka, maana kila nilipokuja gereji kwako nilikuta injini zimelala chini vipande vipande, sijawahi kuona hata moja iliyoamka. Hata hivyo niandikie, kwa mpangilio, na ikiwezekana kwenye karatasi isiyo na alama za vidole.

Mke wangu anasema pia kwamba mwezi wa tano tuje kukuchukua ukae kwetu wiki mbili tatu upumzike. Sijui unapumzika kutoka kazi gani, kwani nasikia gereji umeifunga. Lakini sikatai.

Shemeji yako,
Karani Mkuu wa Mahakama

Nakala: Mke wangu.

*

Tarehe 9 Machi

Karani,

Mtu anamwandikia shemeji yake halafu anapiga mhuri! Kweli duniani kuna watu na viatu.

Hongera ya gari. Hata mbuzi akivishwa kofia tunampa hongera. Sasa fungua masikio, maana sitarudia. Ndani ya injini yako kuna pistoni, na kila pistoni imevaa ringi. Ringi hizo na ukuta wa silinda havijajuana bado. Kilomita elfu moja za kwanza ndizo zitakazoamua kama vitaelewana au la. Vikielewana, gari litakuzika. Visipoelewana, wewe ndiye utakayelizika, na hutachukua muda mrefu.

Kwa hiyo usizidi mwendo wa arobaini. Shika arobaini hiyohiyo, usipandishe, usishushe. Kilomita kumi kwa siku, basi, rudi nyumbani. Milima usiiguse. Usipakie zaidi ya mtu mmoja, naye awe mwembamba. Safari ndefu ni marufuku mpaka elfu itimie. Hata mkifiwa, pandeni basi.

Hilo la kuja kunichukua mwezi wa tano lisahau. Hesabu wewe mwenyewe, si ndiyo kazi yako kukaa ukihesabu mambo ya watu? Mimi sijachoka, na sihitaji kupumzishwa na mtu ambaye hajawahi kutoka jasho isipokuwa kwa homa.

Fundi

*

Tarehe 15 Machi

Kaka yangu, shikamoo.

Barua yako mume wangu ameibandika ukutani juu ya redio, na chini yake amechora jedwali. Kila jioni anajaza kilomita zake kumi kwa wino mwekundu. Anakudharau mchana kutwa, lakini ulichoandika anakifuata kama amri ya mahakama. Ndivyo alivyo.

Mimi nimehesabu. Kwa kumi kwa siku, elfu inatimia mwishoni mwa mwezi wa sita. Daktari wa macho anafika hapa tarehe 22 Mei. Anapasua siku tatu, anaondoka, harudi mpaka mwaka ujao. Jina lako nimeliandikisha mwenyewe na karatasi ninayo. Mwaka jana uliniambia huwezi kuja, gereji ina kazi. Mwaka huu gereji imefungwa, unaniambia injini. Kaka, mtoto wa jicho ameshaziba la kushoto lote, na la kulia umebaki kuona mwanga wa dirisha. Muuguzi amenieleza kwamba ukiendelea kungoja, kazi inazidi kuwa ngumu na matumaini yanapungua. Unataka nikueleze kwa lugha gani?

Basi la abiria huwezi kulipanda peke yako, najua, kuna kubadilisha mara mbili na stendi zenyewe zile. Kuja kukushika mkono ulinikatalia. Mama alipofariki wewe ndiye uliyenishika mkono kila asubuhi kunipeleka shule, miaka minne, na vijana wenzako wakikucheka. Sikuona haya. Kwa nini wewe uone haya mimi nikikushika?

Niruhusu nimwambie mume wangu. Ana maneno, lakini si mtu mbaya.

Mdogo wako

*

Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimesomewa na mshonaji wa hapo jirani. Ni msomaji mbaya, anacheka pasipochekesha na akifika penye uchungu anajikohoza. Kuandika bado naandika mwenyewe, naweka rula chini ya mstari ili mkono usipotee.

Daktari wa siku tatu! Mimi gasketi tu nakaa nayo siku mbili, na gasketi haina mshipa wa damu. Huyo anashuka na mkoba, anafungua macho ya watu arobaini kwa zamu, anafunga mkoba, huyoo. Likiharibika, nimfuate wapi? Fundi wa kweli ana gereji yake na mteja anajua pa kuja kumtukana.

Unataka kujua kwa nini nilifunga. Haya, ujue. Kuna mwalimu wa kike alikuwa mteja wangu tangu gari lake likiwa na rangi. Alikuja asubuhi, anasafiri, akaniomba nimtazamie oili tu. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakichovya tena, nikakiinua kwenye mwanga kama nilivyofanya miaka thelathini na nne. Sikuona kitu. Nikaona haya kumwambia asome yeye. Nikamwambia, "Imejaa, mwalimu, nenda." Ilikuwa kavu. Injini ilimfia njiani, kwenye jua, na mtoto mgongoni. Hakunitukana. Alikuja akasema, "Pole, fundi," kama vile mimi ndiye niliyefiwa. Siku hiyohiyo nilifunga mlango.

Sasa nimpe karani habari hii aipigie mhuri? Ukimwambia, sisi si ndugu tena. Injini ni injini, inataka elfu yake. Siwezi kuua gari jipya kwa ajili ya jicho kuukuu.

Kaka yako

*

Tarehe 12 Aprili

Shemeji,

YAH: TAARIFA YA MAENDELEO YA INJINI

Hadi kufikia leo gari limetembea kilomita mia tatu na kumi na mbili. Mwendo haujazidi arobaini hata siku moja. Jana nilipitwa na mkokoteni wa maji, na mwenye mkokoteni akaniuliza kama namfuata maiti. Nimevumilia. Njia ninayopita ni ya kuzunguka uwanja wa mpira, tambarare kabisa, mizunguko kumi na sita.

Kwa kuwa umekataza kulichosha, nimebuni nyongeza ambayo nadhani hata wewe hukuwahi kuifikiria. Kila asubuhi nalitoa uani, naliwasha, naliacha lingurume palepale lilipo saa nzima bila kwenda popote. Kwa njia hiyo injini inazoea bila kubeba uzito wowote. Mimi nakaa kwenye usukani na tai yangu, nasoma majalada. Mke wangu analalamika kwamba nguo alizoanika zinanuka. Majirani wanasema yao. Mtu mwenye utaratibu huwa anaonewa wivu.

Jambo la pili. Mwandiko wako. Barua ya mwezi uliopita ilikuwa na maneno matatu yamepandana, na sentensi moja imeishia mezani, maana kwenye karatasi haipo. Hapa kwetu hati kama hiyo tunamrudishia mwenyewe. Kama ni ulevi, sema.

Karani Mkuu

Nakala: Mke wangu.

*

Tarehe 17 Aprili

Wewe karani!

Zima hilo gari. Sasa hivi. Usimalize hata kusoma barua hii, nenda kazime kwanza.

Saa nzima limesimama! Nilipofika hapo nilirudia mara tatu, nikidhani unatunga. Nani alikutuma kubuni? Umeona wapi injini mpya inabembelezwa kama mtoto wa kifalme? Ungeniuliza! Kitu kibaya kuliko vyote unavyoweza kuifanyia injini mpya ni hicho, na wewe umekifanya mwezi mzima ukiwa umevaa tai.

Usiliwashe tena kama huendi mahali.

Fundi

*

Tarehe 23 Aprili

Shemeji,

YAH: MAELEKEZO YANAYOPINGANA

Barua yako ya tarehe 17 imenifikia. Haina sababu hata moja, ina makelele tu. Naomba nikuwekee mambo wazi.

Mosi, uliniagiza nilibembeleze gari. Nimelibembeleza. Sasa unanicheka kwa kulibembeleza. Pili, nimelizima kama ulivyoamuru, lakini jana nilipoliwasha kwenda kazini limetoa moshi wa rangi ya bluu nyuma, mzito, hadi askari wa getini akafunga dirisha. Tatu, nimechomoa kile kijiti cha oili. Gari halina hata miezi miwili, na oili imeshuka nusu. Chini sijaona tone. Kwa hiyo inakwenda wapi?

Nne, na hili ndilo kubwa. Dereva wa hakimu, kijana mpole asiye na maneno kama yako, ameniambia hajawahi kusikia injini ya kuendeshwa arobaini isiyobadilika kwa kilomita elfu. Anasema ni kinyume kabisa. Kwa hiyo kuna mawili: ama hujui kazi unayojisifia miaka yote hii, ama umenidanganya makusudi. Nimekaa mahakamani miaka ishirini na mbili na sijaona la tatu. Mimi kwa upande wangu naamini hujui. Mtu hawezi kudanganya kwa mwandiko mbaya namna ile.

Karani Mkuu

Nakala: Mke wangu. Dereva wa hakimu.

*

Tarehe 29 Aprili

Karani,

Sijui kazi? Mimi? Unaniandikia hivyo mimi, halafu unampelekea nakala mtoto anayeendesha gari la serikali kwa mafuta ya serikali?

Siku tatu nimekaa na hiyo barua. Nimeona nikubali unione mjinga, mambo yaishe. Nikajilaza. Nikawa naisikia injini yako. Sijawahi kuiona, lakini naisikia, inanguruma hapo uani saa nzima, haipati joto la maana, ringi hazibanwi, ukuta wa silinda unang'aa kama kioo na oili inapita tu inaungua. Huo ndio moshi wako wa bluu. Injini nzima nzima, haijakosea mtu! Nimeshaua moja kwa aibu yangu. Ya pili siwezi.

Basi chukua, ushibe. Nilikudanganya. Najua kazi kuliko huyo dereva wako na aliyemfundisha. Nilikudanganya makusudi, na wewe mjinga, mara ya kwanza maishani mwako, ukaamua kunisikiliza.

Nilitaka gari lisiweze kufika huku kabla ya mwezi wa sita. Mke wako atakueleza kuna nini tarehe 22, nimemfungua mdomo. Mimi ninaogopa, karani. Umefurahi? Jicho la kulia bado linaniletea dirisha. Nikiamka nalitafuta, nalikuta lipo, najua kumekucha. Daktari akikosea, hata hilo dirisha sina. Najua watu wanapona, nimewasikia wote waliopona, wanapita hapa kuniambia. Na bado naogopa. Sasa kaipigie mhuri.

Tuje kwenye gari, maana hilo halina kosa. Mwaga oili yote leo, badilisha na chujio lake, weka oili ya kawaida, usiniletee mafuta ya matangazo. Ukiliwasha, ondoka mara moja. Likishapata joto tafuta barabara iliyo wazi. Gia ya tatu, kanyaga mafuta toka arobaini mpaka sabini, halafu ondoa mguu, usiguse klachi, usiguse breki, liache lishuke lenyewe. Rudia mara kumi. Hapo ringi zinasukumwa zikutane na ukuta, ndivyo zinavyojuana. Baada ya hapo linataka safari: ndefu, yenye kupanda na kushuka, na mzigo kiasi. Usishike mwendo mmoja. Usilifokeze hadi mwisho wa gia, na usilibembeleze. Kama hujachelewa, oili itaacha kushuka.

Barabara ya namna hiyo naijua moja tu, ndiyo hiyo inayotoka kwenu kuja kwangu. Kilomita mia mbili na themanini, vilima kumi na vinne, nimevihesabu. Sikuombi uje. Nakwambia gari linataka nini.

Fundi

*

Tarehe 6 Mei

Shemeji,

Sikuandika kichwa cha habari kwa sababu sijui niandike nini.

Barua zako zote ninazo kwenye jalada, tangu ile ya miaka kumi na tisa iliyopita ukinieleza masharti ya posa. Jana nilizitandaza mezani kwa mpangilio wa tarehe, kama tunavyofanya kwenye kesi za hati za kughushi. Ile ya kwanza herufi zake ndogo, zimenyooka, unaweza kupima. Kila mwaka zinakua. Ya juzi, neno moja limekula upana wa karatasi. Mtu yeyote wa masjala angeliona hilo kwa dakika moja. Mimi nimeliona miaka mingi nikaliita uchafu, na mwezi uliopita nikaliita ulevi. Kwa hilo la ulevi naomba radhi. Kwa mengine siombi.

Wewe ni mtu wa hovyo kuliko nilivyodhani, na nilidhani mengi. Dada yako amelia jikoni miezi miwili nikimwambia ni moshi wa gari. Mimi nimezunguka uwanja wa mpira hadi walinzi wananipigia saluti. Watoto wa mtaa wamenipa jina, silitaji hapa. Yote hayo kwa sababu mtu mzima anaogopa mkoba wa daktari.

Oili nimemwaga. Yale ya gia ya tatu nimeyafanya Jumapili asubuhi, mara kumi na mbili kwa tahadhari. Nilipiga kelele mara ya kwanza, hapakuwa na mtu. Moshi umepungua, haujaisha. Kwa hiyo nakuja tarehe 18, naondoka hapa saa moja asubuhi, na nakuja kwa ajili ya injini. Ulisema mzigo kiasi. Kwenda nitapakia mchele wa dada yako. Kurudi, mzigo utakuwa wewe.

Hutashikwa mkono. Nimeuliza hospitali, wana kiti cha kusukumwa. Nikaona kiti utakikataa pia. Basi utanishika wewe mimi begani, na ukiulizwa, sema karani anaumwa mguu.

Shemeji yako

*

Tarehe 2 Juni

Shemeji,

YAH: KIJITI

Naandika nikiwa chumba cha nyuma nyumbani kwako. Wewe uko kazini, ungeweza kusubiri nikwambie jioni, lakini mbele ya watoto siwezi kusema haya na uso wako ninaouona siku hizi haunisaidii. Miaka kumi na tisa nimekudharau kwa kukisia. Sasa nimekuona vizuri, naendelea.

Gari lako lina rangi ya chai iliyomwagika. Hukuniambia, na mimi nilisafiri humo kilomita mia mbili na themanini nikiwa na kifua mbele. Unaendesha vibaya. Kilima cha tisa ulichelewa kushusha gia, nikanyamaza kwa sababu ya heshima ya mchele. Elfu ilipotimia ulipiga honi, mtu mzima na tai, katikati ya pori. Na kule hospitali nilikwambia mlango wa chumba cha daktari usivuke. Ulivuka. Nilisikia viatu vyako vinalia pale pembeni muda wote, vile vya ngozi, vinavyolia kama panya. Wakati ananifunika uso nilitaka kushuka kitandani nitoke. Nikavisikia vile viatu, nikasema moyoni, nikikimbia, huyu ataandika taarifa. Nikatulia.

Leo asubuhi mlipoondoka wote nilikwenda uani. Gari uliliacha, ulikwenda kwa miguu kwa sababu mke wako alikukataza moshi kwenye nguo. Moshi wenyewe haupo tena, nimeliwasha nikaangalia nyuma, hakuna kitu. Nikazima, nikasubiri oili itulie. Nikafungua boneti. Nikachomoa kijiti, nikakifuta na shati, nikakichovya, nikakiinua kwenye mwanga.

Iko kwenye alama ya juu. Nimeisoma mwenyewe. Nikakifuta, nikakichovya tena, nikasoma tena, alama ileile. Nimefanya hivyo mara nyingi, sikuhesabu.

Mdogo wangu alirudi kuchukua funguo akanikuta nimeinama juu ya injini nalia, mafuta hadi kwenye shavu na bandeji ya jicho la kushoto. Alitupa kikapu akaja mbio, akauliza gari lina nini tena.

Nikamwambia, "Imejaa. Njoo usome na wewe."

Shemeji yako,
Fundi